Nyenje wa Wesha na Swali la Mama



Wapendwa vijana wenzangu, tafakari ya leo ilinianza usiku, gizani, umeme ukiwa umekatika. Niko Wesha, kisiwani Pemba, si mbali na mji wa Chake Chake. Wageni wengi wanaijua Wesha kwa sababu ya gati: wanashuka garini, wanapanda boti, wanakwenda zao kisiwa cha Misali, basi. Mimi nimetumwa kukaa huku kwa mwaka wangu wa uchungaji, kati ya falsafa niliyoimaliza na teolojia inayonisubiri. Wakatoliki Pemba ni wachache sana, na wengi wetu tumeletwa na kazi kutoka bara. Majirani zangu karibu wote ni Waislamu, na sijawahi kulala njaa kati yao.

Usiku huo masika yalikuwa yanaelekea ukingoni. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na giza lilipoingia nyenje wakaanza. Nawasema wale wadogo wa ardhini, wenye rangi ya udongo, urefu wa sentimita moja hivi, wanaojificha kwenye nyasi na majani yaliyooza chini ya migomba. Ukimsogelea ananyamaza. Ukirudi nyuma anaendelea. Nilikuwa nimekaa barazani na mzee jirani yangu, mkulima wa karafuu, tukizungumza mambo ya kawaida. Ghafla akaniuliza:

"Sasa wewe mwanangu, hutooa kabisa?"

"Nikifika huko ninakoelekea, babu, sitaoa."

Akanyamaza kidogo. "Na kwenu mko wangapi wanaume?"

"Niko peke yangu."

Akatikisa kichwa, si kwa dharau, ila kama mtu anayeona chombo cha mwenzake kinaingia maji. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye nyasi. "Wawasikia hawa? Kelele zote hizo, wanatafuta mke."

Nilicheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Nisiwafiche. Swali la mzee lilinikuta na kidonda. Wiki hiyohiyo mama alikuwa amenipigia simu kutoka nyumbani. Baba yangu ni marehemu. Nina dada wawili, wameolewa, na watoto wao wanaitwa majina ya koo nyingine. Mama hajawahi kunikataza seminari, maana yeye ndiye aliyenifundisha rozari. Ila siku hiyo alisema, "Sikukatazi, baba. Naomba tu Mungu anieleweshe. Jina la babako linaishia wapi?" Nikamjibu kwa maneno mazuri ya darasani. Akasema, "Haya, baba," kwa ile sauti ya mama anayekubali ili simu iishe.

Basi, kwa kuwa mzee alikuwa amenielekeza kwa nyenje, nikasema ngoja niwasikilize vizuri. Kitabu cha Mithali kinamtuma mvivu kwa chungu akajifunze. Pengine frateri mwenye mashaka anaweza kutumwa kwa nyenje.

Nyenje anaishi kwa ajili ya nini?

Mzee alisema kweli. Anayeimba ni dume peke yake. Hana koo la kuimbia. Anasugua bawa moja juu ya jingine, kwa sababu bawa lake lina mstari wa meno madogo kama msumeno. Wimbo huo unamwita jike, lakini unamwita adui pia. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, yuko nzi anayefuata sauti ya nyenje wa shambani, anamwekea funza wake mwilini, na funza hao wanamla akiwa hai. Mwaka 2006 mtafiti Marlene Zuk na wenzake walieleza jambo la kushangaza: katika vizazi visivyozidi 20, madume wengi wa kisiwa hicho walikuwa wanazaliwa na mabawa yasiyotoa sauti. Waimbaji waliliwa, na mabubu wakabaki wakazaa mabubu wenzao. Hayo ndiyo mageuko ya viumbe kwa ufupi. Anayeacha watoto wengi ndiye ambaye sura na tabia zake zinaendelea, na asiyeacha mtoto, vyake vinakwisha naye.

Nyenje wadogo wa ardhini wamechunguzwa sana Marekani na Japani. Mashariki mwa Marekani ipo jamii inayoitwa *Allonemobius*. Kwa hao, wakati wa kukutana, jike hutafuna mwiba maalumu ulio kwenye mguu wa nyuma wa dume na kunywa majimaji ya mwili wake, yaani damu ya mdudu. Dume anajitoa kidogokidogo ili watoto wapatikane. Jike naye ana mkia mgumu kama sindano. Anauchoma kwenye udongo na kutaga humo, yai moja hapa, jingine pale. Kisha baridi inakuja, na wakubwa wote wanakufa. Juu ya ardhi kunakuwa kimya kabisa. Anayefika wakati huo atasema nyenje wamekwisha.

Hawajakwisha. Wako chini, ndani ya mayai, wamelala.

Usingizi huu si wa kawaida, na wataalamu wana jina lake, diapozi. Yai linasimamisha ukuaji wake kwa mpango. Linapunguza matumizi ya chakula na hewa, linakaa. Na hapa pana jambo lililonigusa: kwa wengi wao, ukilichukua yai hilo mapema na kulitia joto, haliamki. Linahitaji kwanza lipite kwenye baridi yenyewe, kwa muda wa kutosha. Ndiyo maana wiki moja ya joto katikati ya msimu mbaya hailidanganyi. Lingeamka kwa joto la kwanza tu, mtoto angetoka na kukuta barafu.

Anayepanga ni mama. Katika baadhi ya nyenje wa ardhini wa Japani, ambao Sinzo Masaki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki aliwasoma kwa miaka mingi, mama akiona siku zinafupika hutaga mayai yatakayolala. Siku zikiwa ndefu, hutaga mayai yatakayokua moja kwa moja. Hatawaona watoto hao. Anawaandalia majira ambayo yeye mwenyewe hatayafikia.

Huku kwetu Pemba hakuna baridi ya namna hiyo. Tuko karibu na Ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote ni kama nusu saa tu. Kinachogawa mwaka wetu ni mvua na ukame, masika na vuli, kaskazi na kusi. Lakini hekima ya kulala ipo hata Zanzibar. Kisiwani Unguja kuna samaki mdogo anayeitwa *Nothobranchius guentheri*, anayeishi kwenye vidimbwi vinavyokauka. Dimbwi likikauka samaki wote wanakufa, ila mayai yanabaki yamelala kwenye tope. Mvua ikirudi, dimbwi linajaa samaki tena. Na mayai hayo hayaamki yote pamoja. Mengine huamka mapema, mengine huchelewa, kwa sababu mvua ya kwanza inaweza kuwa ya uongo.

Hata nyenje wa *Allonemobius* wanafanya hivyo. Mwaka 1993 watafiti Bradford na Roff walionyesha kwamba pale ambapo msimu haueleweki, mama hutaga mchanganyiko: mayai mengine yakue sasa hivi, mengine yasubiri mwaka ujao. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mama wa kwanza, ambaye watoto wake wote hutoka mara moja. Mwaka mzuri ukoo wake unazidishwa mara 10, mwaka mzuri wa pili mara 10 tena, mwaka mbaya mara 0. Kumi mara kumi mara sifuri ni sifuri. Chukua mama wa pili, mwenye mchanganyiko. Anapata mara 4, mara 4, na mwaka mbaya mara 2. Hiyo ni 32. Sifuri moja tu inatosha kufuta kila kitu. Wakulima wa Pemba wanalijua hilo bila kusoma popote, ndiyo maana mtu ana mpunga bondeni, muhogo juu kidogo na migomba nyuma ya nyumba.

Mnyororo ambao haujawahi kukatika

Wengine wenu mmeshaanza kuguna: frateri anafundisha mageuko? Tulieni. Papa Pius wa XII, katika barua yake Humani Generis ya mwaka 1950, aliruhusu wasomi Wakatoliki wachunguze suala la asili ya mwili wa binadamu, akishikilia kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Tarehe 22 Oktoba 1996 Mtakatifu Yohane Paulo II aliiandikia Akademia ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hiyo sasa ni zaidi ya dhana tu. Na sisi wa Pemba tunaishi na ushahidi juu ya vichwa vyetu: popo mkubwa wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, njiwa wa kijani tunayemwita ninga. Hao hawapatikani porini mahali pengine popote duniani. Kisiwa kilitengwa na bara kwa bahari yenye kina cha mamia ya mita, na viumbe vyake vikafuata njia yao. Mungu haogopi kazi yake mwenyewe kuchunguzwa.

Shida yangu haikuwa hiyo. Shida yangu ilikuwa hesabu moja iliyonijia usiku ule, ikanikalisha kitandani.

Fikiria wazazi wako. Kila mmoja alizaa. Wazazi wao, walizaa. Rudi nyuma hadi kwa babu wa babu, rudi hadi kabla ya watu kujua kulima, rudi hadi kwenye uhai wa kwanza kabisa. Katika mstari wote huo unaokuja mpaka kwako, hakuna hata mmoja aliyekufa bila kuacha mtoto. Hata mmoja, jamani. Walipita njaa, vita, tauni, utumwa, na kila mmoja aliwahi kuukabidhi uhai kwa mwingine kabla hajaanguka. Mnyororo huo haujawahi kukatika hata mara moja.

Na mimi, kwa hiari yangu, nikiwa na afya njema, nitasimama siku ya ushemasi na kuahidi useja. Nitaukata.

Sasa niambieni kama mama yangu hakuwa na haki ya kuuliza.

Majibu mawili niliyoyakataa

Jibu la kwanza linasema: basi useja ni kinyume cha maumbile, acha. Kila kiumbe kinazaa, nawe uzae. Nililikataa kwa sababu ya jambo tunalofundishwa mapema sana kwenye falsafa, ambalo David Hume alilidokeza katika karne ya 18: huwezi kutoka kwenye "ndivyo ilivyo" ukaruka moja kwa moja hadi "ndivyo inavyopasa kuwa". Zipo aina za nyenje ambazo hula wenzao wakizidiwa na njaa. Hatusemi na sisi tufanye hivyo. Maumbile yananiambia mimi ni kiumbe wa aina gani, na hilo ni kubwa, silidharau. Lakini hayaniambii peke yake niahidi nini.

Jibu la pili ni tamu zaidi, na nakiri nilikaa nalo siku mbili nzima. Linasema: useja ni kama lile yai lililolala! Wengine wanazaa sasa, mseja anasubiri, ukoo wote unanufaika. Tayari nilikuwa nimeshalipangia mahubiri. Kisha nikagundua najidanganya. Yai lililolala linasubiri *ili lije kuzaa*. Usingizi wake una tarehe ya mwisho. Mimi sitaamka siku moja mwezi wa nne nikaanza kuimba kwenye nyasi. Tukimtumia nyenje kupamba useja tunamdanganya kijana anayetusikiliza, naye siku moja atajua. Mungu hahitaji utetezi wa namna hiyo.

Hata hivyo, ule mchanganyiko wa mayai ulinikumbusha kitu. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (sehemu ya pili ya pili, swali la 152), anajiuliza kama ubikira si dhambi, maana Mungu aliamuru watu wazaane. Anajibu kwa kutofautisha. Amri ya kula inamhusu kila mtu mmojammoja, kwa sababu sishibi kwa chakula alichokula ndugu yangu. Lakini amri ya kuzaa inauhusu umati wote wa watu kwa pamoja. Anatoa mfano wa jeshi: wengine wanalinda kambi, wengine wanabeba bendera, wengine wanapigana. Yote ni wajibu wa jeshi, lakini askari mmoja hafanyi yote. Mama wa nyenje, bila kujua, anatuonyesha kwamba hata katika maumbile wema wa ukoo hautaki kila yai lifanye kitu kilekile kwa wakati uleule.

Mpaka hapo nilipata nafuu, lakini nusu tu. Thoma ameonyesha kwamba useja *unaruhusiwa*. Bado sijaonyesha kwamba *una maana*. Askari asiyepigana awe basi anabeba bendera. Mimi nabeba nini?

Kama Kristo hakufufuka

Jibu nililipata kwa mpagani, tena nililisoma mwaka wa kwanza wa falsafa na kulipita kwa sababu ya mtihani. Aristotle, katika kitabu chake Kuhusu Roho, anauliza kwa nini viumbe vyote vinazaa. Anasema ni kwa sababu kila kiumbe kinatamani kushiriki umilele, kushiriki uungu, kadiri kinavyoweza. Hakiwezi kubaki chenyewe, maana kitakufa. Basi kinabaki kwa namna pekee iliyopo: kinaacha kingine kinachofanana nacho.

Niliporudi kwenye maneno hayo nikawasikia nyenje kwa namna nyingine. Kelele zile si za mke tu. Ni za umilele. Kiumbe cha sentimita moja, chenye wiki chache za kuishi, kinakataa kwisha. Kinaimba hata kama nzi anakisikia. Kinatoa hata damu ya mguu wake. Maskini hana njia nyingine! Kwake kifo ni mwisho wa yeye, kwa hiyo lazima apite kwa watoto.

Na kiu hiyo ndiyo iliyo ndani ya swali la mama: jina la babako linaishia wapi? Mama hakuwa anaongea ushirikina wala mila za kizamani. Alikuwa anauliza kuhusu uzima wa milele kwa lugha ambayo uhai umekuwa ukiisema tangu mwanzo.

Sasa soma Luka sura ya 20, pale Masadukayo wanapomletea Yesu habari ya mwanamke na waume saba. Shabaha ya sheria ile waliyoitaja ilikuwa nini? Kwamba jina la marehemu lisifutike. Lilikuwa ni swali la mama yangu kabisa! Na Yesu anawajibu kwamba walio wana wa ufufuko hawaoi wala hawaolewi, akatoa na sababu: hawawezi kufa tena. Angalieni sababu hiyo. Mahali ambapo kifo kimeshindwa, uzazi umemaliza kazi yake ya kupigana na kifo.

Hiyo ndiyo bendera anayoibeba mseja. Kuzaa si kubaya, na hata kidogo hatusemi hivyo. Ndoa ni sakramenti, na walio wengi kati yenu mtaoa na kuolewa, nasi tutawafungisha ndoa kwa furaha. Mseja anasimama katikati ya watu akisema kwa mwili wake wote: nauamini ufufuko kiasi cha kutojiwekea akiba nyingine. Hakuna mpango wa pili. Mtakatifu Paulo anasema waziwazi katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 15 kwamba kama Kristo hakufufuka, sisi ndio wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Mimi naongeza la kwangu: kama Kristo hakufufuka, basi nyenje wa Wesha ana akili kuliko mimi, na mama yangu alikuwa sahihi, na ningepaswa kupanda boti ya kesho asubuhi nikatafute mchumba.

Ndugu zangu, hilo si maneno ya kunogesha. Ni kweli yote au ni hasara yote. Ndiyo maana nasema useja ambao hausimami juu ya Pasaka unaoza. Unageuka kuwa uvivu wa mtu asiyetaka majukumu, au kiburi cha mtu anayejiona msafi kuliko wenzake. Nami nachunguza moyo wangu kila siku nisije nikawa mmoja wa hao wawili.

Na wewe je?

Yapo mambo mawili ningependa uondoke nayo, hata kama huna mpango wa seminari wala utawa.

La kwanza: usimpime mtu kwa uzao wake. Katika jumuiya zetu ndogondogo wapo wanandoa walioomba mtoto miaka na miaka, na tunawajua. Wapo akina mama wanaoitwa tasa na mawifi zao, wanaondolewa majumbani kama chombo kilichovunjika. Anayefanya hivyo amekubali kwamba binadamu ni nyenje tu, kwamba asipoacha mtoto hakuacha kitu. Mkristo hawezi kusema hivyo. Mtoto ni zawadi, si bei ya kununulia heshima.

La pili: kama unasubiri, usijione umekufa. Wengi wenu mmemaliza chuo na ajira hakuna, au mna mchumba na mahari haijapatikana, au mnaomba Mungu awaonyeshe wito na haonyeshi. Yai lililolala ardhini halijafa, na wala si vivu, kwa sababu limeandaliwa na linatunza kilichomo. Ila lina kanuni moja kali: haliamshwi na joto la wiki moja. Tunaharibikiwa sana kwa joto la wiki moja. Mtu anaingia kwenye ndoa, kwenye mkopo, hata kwenye seminari, kwa sababu kulikuwa na joto siku tatu. Pitia baridi yako kwanza, ujue kama unachokitaka bado kipo.

Yuko mtawa mmoja ambaye namwomba rafiki yake awe mimi. Gregor Mendel, Mwagostino wa mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Czech. Alipanda njegere katika bustani ya monasteri kwa miaka kadhaa, akahesabu maua na mbegu, akagundua jinsi watoto wanavyorithi sifa za wazazi. Alichapisha kazi yake mwaka 1866, na ni wachache mno waliojali. Alifariki mwaka 1884. Kazi ikaendelea kulala hadi mwaka 1900, wanasayansi wengine walipoifikia kanuni ileile na kuikuta ya kwake imetangulia miaka 34. Kila daktari anayepima leo ugonjwa wa selimundu anatumia njia aliyoifungua mtu ambaye hakuacha mtoto hata mmoja. Mwalimu wa kwanza wa urithi alikuwa mseja!

Nilimsimulia mzee habari hiyo, tumekaa palepale barazani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanikumbusha kwamba katika mafundisho yao mtu akifa yapo mambo matatu ambayo thawabu yake haikatiki: sadaka inayoendelea, elimu inayowafaa watu, na mtoto mwema wa kumwombea dua. "Huyo wako," akasema, "la tatu hakulipata. Lakini la pili kalipata sawasawa." Akafikiri kidogo. "Haya mwanangu. Ila mie bado naona ungeoa." Tukacheka wote. Hatukukubaliana, na asubuhi alinitumia mkungu wa ndizi.

Jumapili nikampigia mama. Safari hii sikumletea ya darasani. Nikamwambia: mama, sina jibu la kukufuta machozi. Jina la baba haliwezi kuendelea kwangu kwa njia uliyoizoea. Lakini Mungu akinifikisha, kila siku kwenye altare, tunapowakumbuka marehemu, nitalisema. Na siamini kwamba nitakuwa nalisema hewani. Naamini kuna Mtu anayelijua, na kwamba baba yuko mikononi mwake, na kwamba siku ya mwisho atamwita kwa jina hilohilo.

Mama akakaa kimya muda mrefu. Nikadhani mtandao umekata.

"Haya, baba," akasema. Lakini safari hii hakukata simu. Akauliza kama huku mvua bado inanyesha, nikamwambia imepungua. Akauliza ni kelele gani hizo anazozisikia. Nikamwambia ni nyenje.

Tuombe. Ee Mungu, chemchemi ya uhai wote, wewe uliyemfundisha hata mdudu wa ardhini kutokata tamaa mbele ya kifo, utujalie sisi tumaini lililo kubwa kuliko lake. Wabariki wanaooa na wanaozaa. Wafariji waliokosa mtoto. Wape wanaosubiri uvumilivu usiodanganyika. Na sisi unaotuita tusioe kwa ajili ya Ufalme wako, utuzuie tusiishi kama watu wasioamini ufufuko. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.